Foleni za Dar es Salaam: Nani analipa, nani ananufaika zikipungua?

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi au Bunju anayefanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, siku huanza wakati wengine wangali usingizini. Saa 11 alfajiri amekwishafika kituoni. Ofisi yake haifunguliwi mapema hivyo, lakini anajua kwamba akichelewa nusu saa kutoka nyumbani, atachelewa saa nzima kufika kazini.

Jioni mambo hugeuka upande wa pili. Anayetoka kazini saa 11 hufika nyumbani saa 2 usiku, watoto wakiwa wamelala au wanasinzia juu ya madaftari yao.

Kwamba foleni ni kero, hakuna anayebisha. Wabunge wameizungumzia, mawaziri wameiapia, na kila kampeni ya uchaguzi jijini imeahidi kuimaliza.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba kupunguza foleni nako kuna gharama zake, na kwamba gharama hizo aghalabu hubebwa na watu ambao sio wale wanaopata faida. Makala haya yanajaribu kuweka pande zote mbili kwenye mizani.

Chimbuko la tatizo

Ukitazama ramani ya Dar es Salaam, utaona jiji lililojengwa mithili ya vidole vya mkono vinavyokutana kwenye kiganja. Barabara za Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo hutoka pembezoni na zote huelekea sehemu moja: Kariakoo, Posta na bandarini.

Barabara ya Mandela, ikiendelea na ile ya Sam Nujoma, ndiyo inayokata vidole hivyo kwa upande. Malori ya mizigo kutoka bandarini nayo huitegemea barabara hiyo hiyo.

Wakati huo huo, watu wameongezeka kwa kasi ambayo barabara hazikuweza kuifuata. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu takriban watu milioni 2.5 mkoani Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 20 wakazi wameongezeka zaidi ya maradufu.

Wengi wa wakazi hao wapya wamejenga pembezoni, ambako viwanja vina bei nafuu, ilhali kazi, masoko makubwa na ofisi zimebaki kule kule zilikokuwa. Hata uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia shughuli za Serikali Dodoma haukubadili sura hiyo, kwa kuwa biashara na bandari vimebaki Dar es Salaam.

Usafiri wa umma nao una historia yake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoanzishwa mwaka 1974, lilielemewa mapema, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu rasmi mabasi ya watu binafsi. Ndipo yakapata jina la daladala, kutokana na nauli ya Sh5 ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa 'dala'.

Tangu hapo msafiri wa jiji hili amekuwa akitegemea magari madogo yanayogombea abiria na nafasi ya barabara kwa wakati mmoja.

Hasara ya foleni kwa hesabu ndogo

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayepoteza saa mbili kwa siku kwenye foleni, yaani saa moja asubuhi na nyingine jioni. Kwa siku 22 za kazi kwa mwezi, hizo ni saa 44. Kwa miezi 11 ya mwaka, akiondoa mwezi wa likizo, ni saa 484.

Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 60. Maana yake ni kwamba mfanyakazi huyo hutumia karibu miezi mitatu ya kazi kila mwaka akiwa amekaa, au amesimama, ndani ya gari lisilotembea.

Tuchukue na mfano wa dereva wa daladala. Tuseme gari lake hubeba abiria 30 na nauli ni Sh600. Barabara ikiwa nyeupe anaweza kwenda na kurudi mara nane kwa siku. Foleni ikikaza anamaliza safari tano. Safari tatu alizokosa, kwenda na kurudi, ni sawa na Sh108,000.

Hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu ya foleni. Kwa hiyo dereva hutafuta njia ya kufidia: hukatisha safari, hupita pembeni mwa barabara, huzidisha abiria na hukimbiza gari mahali penye upenyo. Ajali na ugomvi kati ya konda na abiria vina mizizi hapo.

Zipo pia hasara zisizopimika kirahisi. Gari la zimamoto huchelewa kufika kwenye moto, na mama mjamzito hujifungulia njiani. Moshi wa magari yaliyosimama huvutwa na askari wa usalama barabarani, mama lishe na wauza maji wanaoshinda barabarani kutwa nzima.

Aidha, hasara ya foleni haiishii Dar es Salaam. Bandari ya jiji hili huhudumia pia shehena za Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Rwanda, Burundi na nchi nyingine jirani. Lori linapokwama Mandela, gharama yake huingia katika bei ya bidhaa inayouzwa Lubumbashi au Kigali.

Gharama asiyoilipa anayeisababisha

Wataalamu wa uchumi wamelitazama tatizo hili kwa zaidi ya miaka 100. Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu uchumi na ustawi wa jamii, alitumia mfano wa barabara kueleza jambo ambalo hadi leo ndilo kiini cha mjadala.

Kila dereva anayeingia barabarani hulipia mafuta yake na hutumia muda wake. Hata hivyo, gari lake huwachelewesha kidogo wote walio nyuma yake, na gharama hiyo yeye hailipi. Kwa kuwa hailipi, haihesabu anapoamua kutoka na gari.

Ucheleweshaji huo ni mdogo sana barabara inapokuwa tupu. Barabara inapokaribia kujaa, magari machache ya ziada huweza kugeuza mwendo wa kawaida kuwa foleni ya kilomita kadhaa.

Wakazi wa Dar es Salaam wana ushahidi wa jambo hili bila kuhitaji utafiti. Shule zinapofungwa, foleni hupungua mno, ingawa magari yaliyotoka barabarani ni sehemu ndogo tu ya yote. Wiki shule zinapofunguliwa, kila mtu hujua.

Funzo lake ni la kutia moyo: ili foleni ipungue sana, halihitajiki kila gari kuondoka. Inatosha sehemu ndogo ya safari ihame, ama kwa wakati, ama kwa njia, ama kwa aina ya usafiri. Swali ni kwa gharama gani, na nani ahame.

Barabara za juu na mabilioni yake

Dawa iliyopewa kipaumbele katika miaka ya karibuni ni ujenzi. Septemba 2018 ilifunguliwa barabara ya juu ya Tazara, ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini, ikapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Ilijengwa kwa msaada wa Japan na mchango wa Serikali ya Tanzania.

Februari 2021 yakafuata makutano ya ngazi tatu ya Ubungo, yaliyoitwa kwa jina la aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Ujenzi wake uligharimu zaidi ya Sh200 bilioni, na Benki ya Dunia ilihusika katika kuugharimia.

Machi 2022 lilifunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, kuipunguzia mzigo njia ya Selander. Hili lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na fedha za Serikali.

Je, faida ya miradi hii inalingana na gharama? Hapa ndipo hesabu inapoonyesha ugumu wake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa makutano ya barabara yaliyojengwa kwa Sh200 bilioni. Tuseme watu 50,000 hupita hapo kila siku, na kila mmoja huokoa dakika 10. Hizo ni saa 8,333 kwa siku. Kwa siku 300 za mwaka, zinafika saa milioni 2.5.

Tukisema saa moja ya mtu ina thamani ya Sh1,000, ambayo inakaribiana na kipato cha saa cha mtu anayelipwa Sh200,000 kwa mwezi, jumla kwa mwaka ni Sh2.5 bilioni. Kwa kasi hiyo, gharama ya ujenzi itarudi baada ya miaka 80.

Tukisema saa hiyo ina thamani ya Sh5,000, kipato cha saa cha mtu anayelipwa kama Sh900,000 kwa mwezi, jumla inakuwa Sh12.5 bilioni, na gharama inarudi baada ya miaka 16.

Mfano huu umeacha kando mafuta yaliyookolewa, riba ya mkopo na matengenezo, mambo ambayo mtathmini halisi hana budi kuyaingiza. Hata hivyo, unaonyesha kwamba makutano yale yale, yenye watu wale wale na dakika zile zile, yanaweza kuonekana hasara kubwa au faida nzuri kutegemea jambo moja: thamani ya saa ya mpita njia.

Saa ya nani ina thamani?

Hapa kuna hatari ambayo msomaji anapaswa kuifahamu. Tathmini za miradi ya barabara zikipima muda kwa mshahara, saa ya anayeendesha gari kutoka Masaki huhesabiwa kuwa na thamani kubwa kuliko saa ya anayesimama ndani ya basi kutoka Mbagala.

Matokeo yake, mradi unaowapa wachache wenye kipato kikubwa dakika tano unaweza kuushinda, kwenye karatasi, mradi unaowapa wengi wenye kipato kidogo dakika 15. Hesabu itakuwa sahihi, lakini haki itakuwa imepotea njiani.

Baadhi ya nchi zimejaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kutumia thamani moja ya saa kwa wasafiri wote. Huo si uamuzi wa kihandisi wala wa kihasibu. Ni uamuzi wa kisiasa, na wananchi wana haki ya kuambiwa umefanywaje kabla ya mkopo kusainiwa, kwa kuwa watakaoulipa ni wote, wakiwamo wa Mtwara na Kigoma ambao hawajawahi kuiona Ubungo.

Mwaka 2017, nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara hadi Kibaha. Serikali ilisema wakazi hao walikuwa wamejenga ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo katika eneo hilo ni mita 121.5 kila upande.

Leo barabara hiyo ni pana na wengi wanaifurahia. Lakini mizani ya kweli lazima iwe na sahani ya aliyepoteza nyumba aliyoishi na kuijenga kwa miaka mingi, hata kama sheria haikuwa upande wake. Mwaka 2021, wamachinga nao waliondolewa katika barabara nyingi za jiji. Njia zilifunguka, na biashara za wengi zikafungwa.

Barabara mpya, foleni mpya

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea ujenzi peke yake. Mwaka 1962, Mmarekani Anthony Downs alieleza kwamba katika miji mikubwa, barabara ya kasi inapopanuliwa, magari huongezeka hadi foleni ya saa za kilele inarudi.

Mwaka 2011, wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti kuhusu miji ya Marekani. Walibaini kwamba kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu sawasawa na urefu wa barabara kuu zinazoongezwa.

Maelezo yake si magumu. Barabara inapokuwa nyepesi, aliyekuwa akipanda basi hutoa gari lake. Aliyekuwa akiondoka saa 11 alfajiri huondoka saa 1 asubuhi. Aliyekuwa akipanga Magomeni hununua kiwanja Kibaha. Baada ya muda, nafasi yote imejaa.

Hilo halina maana kwamba upanuzi hauna faida. Watu wengi zaidi wanasafiri, na kila safari ina sababu yake. Isipokuwa, anayeahidi kwamba foleni itakwisha kwa kuongeza njia anaahidi jambo ambalo miji tajiri kuliko wetu imeshindwa kulitimiza.

Zaidi ya hayo, makutano yanapofunguliwa mahali pamoja, magari hufika haraka kwenye makutano yanayofuata. Pale Tazara, magari ya Barabara ya Nyerere hupita juu bila kusimama, lakini yale ya Barabara ya Mandela bado husubiri taa chini ya daraja.

Mwendokasi: faida na somo

Njia ya pili ni kubeba watu wengi katika nafasi ndogo. Tuseme watu 150 wanasafiri kwa magari madogo, na kila gari lina wastani wa mtu mmoja na nusu. Yatahitajika magari 100. Yakipangwa kwenye foleni, kila moja likichukua mita sita, yatajaza mita 600 za barabara. Watu hao hao huweza kubebwa na basi moja refu lenye urefu wa mita 18.

Ndiyo fikra iliyozaa mfumo wa Bogotá, Colombia, ulioanza mwaka 2000, na ambao Dar es Salaam iliufuata. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa mwaka 2007, na awamu ya kwanza, yenye takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016.

Mwanzoni matokeo yalikuwa ya kushangaza. Safari ya Kimara hadi Kivukoni, iliyokuwa ikichukua saa mbili na zaidi nyakati za msongamano, iliweza kukamilika kwa chini ya saa moja. Jiji likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na kuwa la kwanza barani Afrika kuipata.

Lakini yaliyofuata yalifundisha somo jingine. Karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika bonde la Mto Msimbazi, ilifurika mara kwa mara mvua kubwa ziliponyesha, na mabasi yakaharibika. Idadi ya mabasi yanayofanya kazi ilipungua badala ya kuongezeka. Abiria wakarudia kusubiri kwa muda mrefu vituoni na kuingia kwa kusukumana.

Katika awamu ya pili ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, barabara na vituo vilikuwa tayari muda mrefu kabla ya mabasi kupatikana. Huduma ilikuja kuanza mwaka 2025. Kwa kipindi hicho chote, wakazi wa Mbagala walikuwa wakitazama njia tupu katikati ya barabara huku daladala zao zikibanana pembeni.

Kwa lugha ya mizani, gharama ilikuwa imekwishatumika ilhali faida haijaanza kuingia, na mkopo haungoji. Zege bila mabasi, na mabasi bila matengenezo, ni hasara iliyovaa sura ya maendeleo.

Kadhalika wapo waliopoteza ajira. Basi moja kubwa huchukua nafasi ya daladala kadhaa, na kila daladala ina dereva, konda, fundi na wapiga debe wake. Faida ya abiria ni ya kweli, na hasara ya hao nayo ni ya kweli. Mpango unaowasahau huzalisha wapinzani wake wenyewe.

Kuilipia barabara kwa saa

Njia ya tatu ndiyo wachumi wengi huipenda na wanasiasa wengi huiogopa: kumtoza dereva ile gharama anayowasababishia wengine. William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1996, aliitetea kwa miongo kadhaa.

Singapore ilianza mwaka 1975 kwa vibali vya kuingia katikati ya jiji, na mwaka 1998 ikahamia mfumo wa kielektroniki. London ilianza Februari 2003 kwa tozo ya pauni 5 kwa siku. Msongamano ndani ya eneo husika ulipungua kwa takriban asilimia 30 katika kipindi cha mwanzo, ingawa baada ya miaka kadhaa kasi ya magari ilishuka tena, kwa sehemu kutokana na kazi nyingi za kuchimba barabara. Kufikia mwaka 2020 tozo hiyo ilikuwa imepanda hadi pauni 15.

Stockholm, Sweden, ilifanya jambo la kuvutia zaidi. Ilifanya majaribio ya miezi saba mwaka 2006, magari yakapungua kwa karibu asilimia 20, kisha ikawaita wananchi kupiga kura. Wengi waliokuwa wakipinga kabla ya majaribio walibadili msimamo baada ya kuona matokeo, na tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007. New York nayo ilianza Januari 2025, baada ya mvutano wa miaka mingi.

Je, dawa hiyo inafaa Dar es Salaam? Msomaji asiione kuwa ngeni kabisa. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, hutumika kwa tozo. Ni kwa sababu Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) uliweka asilimia 60 ya fedha za ujenzi, na fedha hizo ni za wanachama wake.

Wakazi wa Kigamboni wamelalamika tangu mwanzo kwamba wao hulipa kuvuka, ilhali wanaopita Tanzanite, Tazara au Ubungo hawalipi chochote. Mwaka 2022 tozo hizo zilipunguzwa, lakini hoja yao haijapoteza uzito. Kigamboni tozo iliwekwa ili kurudisha mtaji, bila kujali kama dereva anapita saa ya msongamano au usiku wa manane.

Kodi ya mafuta nayo ina kasoro kama hiyo. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na tozo ya mafuta ikaongezwa. Utaratibu huo ni rahisi kukusanya. Hata hivyo, anayeendesha shambani Songea hulipa kwa lita sawasawa na anayekwamisha watu Magomeni saa 1 asubuhi, wakati yule wa Songea hamcheleweshi mtu.

Pamoja na hayo, tozo ya msongamano haiwezi kuwa hatua ya kwanza. London na Stockholm zilikuwa na treni na mabasi ya kumpokea aliyeacha gari nyumbani, na Stockholm iliongeza mabasi kabla ya majaribio kuanza. Kumtoza mtu wa Tegeta asiye na basi la kutegemewa ni kumwongezea mzigo bila kumpa njia.

Yenye gharama ndogo

Katika mjadala wa mabilioni, hatua ndogo husahaulika. Taa za kuongozea magari zinapofanya kazi kwa kuwasiliana, na askari akaziacha zifanye kazi, huweza kupitisha magari mengi zaidi bila mfuko mmoja wa saruji. Vituo vya daladala vyenye nafasi ya kuegesha huzuia basi moja lililosimama kuziba njia nzima.

Barabara za ndani ya mitaa zikiwekwa lami, safari fupi ya kutoka Tabata hadi Kinyerezi au Kijitonyama hadi Mabibo haihitaji tena kuingia barabara kuu. Njia salama za waenda kwa miguu nazo zina thamani kubwa, kwa kuwa wengi jijini hutembea, na wengine hupanda bodaboda kwa umbali wa kutembea kwa kuhofia kugongwa.

Malori nayo yana nafasi yake. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyozinduliwa Julai 2025, ililenga kuhamishia nje ya jiji sehemu ya shughuli za makontena. Kila kontena linalokwenda Kwala kwa reli ni lori moja pungufu Mandela.

Reli ya ndani ya jiji pia si ndoto. Oktoba 2012 treni ya abiria ilianza kati ya Stesheni na Ubungo, na wananchi wakaipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe. Ilitumia njia zilizokuwapo tayari, hivyo haikuhitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Mizani iseme nini?

Ukijumlisha yote, yapo mambo matatu ambayo mizani inayaonyesha bila utata.

Kwanza, foleni haitafika sifuri, wala hapafai kuwa na lengo hilo. Jiji lisilo na foleni kabisa ama limejenga barabara kupita kiasi, ama limekosa shughuli. Lengo la busara ni kuipunguza hadi pale ambapo shilingi inayofuata ya gharama haileti tena shilingi ya faida.

Pili, faida kubwa kwa gharama ndogo hupatikana pale wanapohesabiwa watu badala ya magari. Njia ya barabara iliyotolewa kwa basi lililojaa ina tija kuliko njia hiyo hiyo ikiwa na magari madogo yenye mtu mmoja mmoja. Lakini basi lazima lije.

Tatu, hesabu ya mradi iwekwe wazi. Wananchi waelezwe ni dakika ngapi zitaokolewa, za akina nani, nani ataondolewa na atalipwa nini, na matengenezo ya miaka 10 ijayo yatatoka mfuko gani. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na barabara ni mali ya umma.

Tathmini ifanyike pia baada ya mradi kukamilika. Tumezoea kukata utepe na kuondoka. Kama makutano yalijengwa ili kuokoa dakika 10, apatikane wa kurudi baada ya miaka mitatu akiwa na saa mkononi, apime.

Hadi hapo, mkazi wa Mbagala ataendelea kuamka saa 10 usiku na kulipa kwa usingizi wake. Hiyo ni gharama ya foleni isiyoandikwa katika bajeti yoyote ya Serikali, na ndiyo inayolipwa kila siku bila kukosa.